Wiki sita juu ya baiskeli isiyo yangu

Gurudumu la mbele liliondoka kabla sijajua kuwa linaondoka.

Ilikuwa kona ya kushoto kwenye mteremko mdogo. Changarawe ilikuwa kavu, magari yameisukuma pembeni hadi pamebaki tabaka jembamba la kokoto ndogo juu ya udongo mgumu, kama punje zilizomwagika sakafuni. Niliingia kwa kilomita 31 kwa saa, breki nimeshaziachia, macho yako mbele kwenye mdomo wa kona. Mara usukani ukawa mwepesi. Mwepesi kabisa, kama kamba ya ndoo iliyokatikia kisimani. Goti langu la kushoto likajitupa nje lenyewe, kiatu kikachomoka kwenye pedali na kuburuza chini, na nusu mita kabla ya mtaro gurudumu likashika tena.

Nilisimama. Vumbi langu mwenyewe likanikuta, likanipita.

Mikono ilikuwa ikitetemeka. Niliiweka juu ya usukani, nikaitazama mpaka ikatulia. Kisha nikarudi kwa miguu kuangalia alama niliyoiacha: mstari mmoja mwembamba, urefu wa hatua tatu, umefagiliwa safi. Hapakuwa na shimo wala jiwe lililochomoza.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, mwenye baiskeli alikuwa ameanguka vivyo hivyo kwenye kona nyingine, akavunjika mfupa wa mtulinga. Maneno aliyoniambia akiwa amefungwa mkono kifuani ndiyo yaliyonirudia pale barabarani.

"Kaka, sikukosea kitu. Gurudumu lilienda tu."

## Kazi niliyopewa

Sikuazimwa baiskeli ili nifurahie. Niliazimwa ili nijibu swali.

Yeye hushindana, mimi huendesha tu. Baiskeli yake ni ile ambayo wengi wetu huitazama kwenye picha na kuifunga picha haraka: fremu ya kaboni iliyochongwa kukata upepo, rimu za kaboni zenye kimo cha milimita 45, gia za umeme, sahani moja ya meno 42 mbele na sproketi za meno 10 hadi 44 nyuma, nyaya zote zimefichwa ndani ya shingo ya usukani. Bila chupa za maji ina kilo 7.9. Yangu ni ya alumini, ina miaka tisa na kilo 10.4, na kila mkwaruzo wake naujua ulikotoka.

"Ichukue," aliniambia. "Ikae barabarani, isikae ukutani ikinitazama. Ila nataka uniambie kitu kimoja: ni mimi, au ni hii baiskeli? Kama ni baiskeli, naiuza. Kama ni mimi..."

Hakumaliza. Alinipa na pampu yake kubwa ya kusimama, ile anayoiamini, pamoja na chupa ya dawa ya kuzibia pancha na karatasi aliyoandika vipimo vyake vyote. Kiti, usukani, upepo wa matairi kwa bari, kipimo cha mgandamizo: bari 2.3 mbele, 2.4 nyuma. Matairi ya milimita 40, bila tyubu.

Nilichukua vyote. Upepo nikajaza kama karatasi ilivyosema, kwa pampu ileile. Mimi ni mzito kuliko yeye kwa kilo kumi na tatu, kwa hiyo nilifikiri bari 2.3 kwangu ingekuwa laini kidogo, na hilo halikunisumbua.

## Kasi ya masikioni

Nina mzunguko wangu wa kilomita 31 ninaoujua hata nikiwa nimefumba macho: kilomita 9 za lami, 8 za udongo mgumu, 11 za changarawe, na 3 za mawe ambazo mtu hapendi kuzizungumzia. Nimeuzunguka mara nyingi kiasi kwamba najua wapi upepo hugeuka na wapi mbwa hulala.

Siku ya kwanza nilirudi nimechangamka kama mtoto. Ile baiskeli ilikuwa hai. Ukikanyaga pedali, hakuna kinachopinda na hakuna kinachochelewa, nguvu yote inaenda kwenye gurudumu. Kwenye changarawe ilivuma. Kila kokoto ilisikika mikononi, kwenye meno, kwenye mboni za macho. Niliandika kwenye daftari langu maneno matatu na kuyapigia mstari: "Ina kasi sana."

Kisha nikapakua takwimu.

Kwenye lami nilikuwa na haki. Kwenye zile kilomita 11 za changarawe, kwa wastani uleule wa wati 200, yaani nguvu ileile ya miguu, nilikuwa nimechelewa kwa dakika 1 na sekunde 4 kuliko ninavyokwenda na baiskeli yangu ya alumini.

Nikasema ni upepo wa siku ile. Nikarudia kesho kutwa. Ikawa sekunde 58.

Hapa ndipo jambo hili lilipoanza kuninyima usingizi, kabla hata ya ile kona. Kuchelewa si ajabu. Kilichonisumbua ni kwamba mwili wangu wote uliapa kwamba nilikwenda haraka, na ningeweza kula yamini mbele ya watu. Saa ikasema hapana.

Nilichokuja kukielewa, tena polepole kuliko ningependa, ni kwamba mwili hauna kiungo cha kupima kasi. Unakadiria. Unasikiliza upepo masikioni, unatazama majani yanavyopita, na unapokea mtetemo kutoka kwenye usukani na kiti. Mtetemo ukiwa mkali na wa harakaharaka, ubongo unasema tunakimbia. Ukituliza mtetemo, ubongo unasema tumepoa, hata kama gurudumu linazunguka kwa kasi zaidi.

Na mtetemo ni nguvu inayopotea. Kila kokoto inayokunyanyua, hata kwa milimita mbili, imekula sehemu ya wati zako kukupeleka juu badala ya mbele. Kisha nyama ya mwili wako, mapaja, tumbo, mashavu, inatikisika na kuigeuza nguvu hiyo kuwa joto. Waliopima matairi kwenye barabara mbovu wameliona hili: ukiongeza upepo, ukinzani hupungua mpaka kufikia kiwango fulani, halafu ukivuka hapo hupanda ghafla, na hupanda kwa kasi zaidi kuliko ulivyoshuka. Tairi laini kidogo linakugharimu kidogo. Tairi gumu kidogo linakugharimu sana.

John Boyd Dunlop alipofunga mpira wa hewa kwenye magurudumu ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe mjini Belfast mwishoni mwa miaka ya 1880, mtoto yule alikuwa analalamika kwamba njia inamtikisa. Hewa ilikuja kutuliza. Ajabu ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia baada yake wakimbiaji waliishindilia hewa hiyo mpaka tairi likawa gumu kama lile ambalo Dunlop alikuwa analikwepa.

Lakini haya yote sikuyawaza siku zile. Karatasi ilisema bari 2.3, geji ilisema bari 2.3, na bari 2.3 kwa tairi la milimita 40 na mtu wa kilo 71 si upepo mwingi. Kwa hiyo upepo niliutoa kwenye orodha ya washukiwa.

Nikaanza kuishuku fremu.

## Washukiwa

Baada ya ile kona nilichora ukurasa mzima wa sababu zinazowezekana. Pembe ya shingo, nyuzi 72, kali kidogo kuliko yangu. Usukani mwembamba. Shina la usukani refu, milimita 110, linaloulaza mwili mbele. Bearingi za shingo zilizolegea. Ekseli. Ufa.

Ufa ndio ulionitia hofu zaidi. Kaboni haipindi kama chuma ikakuonyesha kwamba imeumia. Inaweza kuficha jeraha chini ya rangi nzuri. Na baiskeli hii ilikuwa imeanguka. Jioni nzima niliisafisha kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nikaipitia sentimita kwa sentimita kwa tochi, kisha nikaigonga kwa ukingo wa sarafu: shingo, uma wa mbele, bomba la chini, miguu ya nyuma. Kaboni nzima hutoa sauti kavu, ya wazi. Iliyoachana ndani hutoa sauti ya kufa, kama kugonga kadibodi. Nilisikia sauti kavu kila mahali, isipokuwa chini ya kile kifuniko cha sanduku dogo la vifaa kwenye bomba la chini, ambako sauti hubadilika kwa sababu pana uwazi. Hapo nilipogonga mara ya kwanza moyo uliruka.

Nikabadilisha nilichoweza kubadilisha. Kiti mbele milimita tano. Vishikio vya breki juu kidogo. Shina la usukani sikuligusa: kwenye baiskeli yenye nyaya za ndani, kubadilisha kipande hicho ni kazi ya nusu siku, mafuta ya breki kumwagika na kuyajaza upya. Hili nalihesabu kuwa kosa la kweli la baiskeli hizi. Kitu ambacho mwendeshaji anakihitaji ili kuujua mwili wake, kujaribu shina fupi, kujaribu refu, kimefungiwa ndani kwa ajili ya wati chache ambazo mtu wa kawaida hatazihisi.

Kila badiliko nililijaribu kwenye kona ileile, kwa mwendo wa tahadhari. Kila mara gurudumu la mbele lilikuwa na wasiwasi. Halikuteleza tena, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuogopa na sikufika kilomita 31 kwa saa. Nilifika 26, 27, nikasikia ule wepesi unanyemelea, nikafunga breki.

Nilikuwa nimebakiwa na wiki mbili na nusu. Jibu nililokuwa naliandaa kichwani lilikuwa: ni baiskeli. Iuze, dada.

Nashukuru sikulituma.

## Kidole gumba

Niliipeleka kwa fundi ambaye amenirekebishia baiskeli tangu nilipokuwa sijui kuziba pancha. Nilimpelekea kwa ajili ya bearingi za shingo. Aliegemeza baiskeli ukutani, akainama, na kabla hajagusa shingo akalibana tairi la mbele kwa kidole gumba. Halikubonyea.

"Hili umelijaza kama la lori."

"Hapana, mzee. Bari mbili nukta tatu."

"Nani kasema?"

"Geji."

"Geji ipi?"

Nakumbuka nilifungua mdomo nikafunga.

Alivuta droo, akatoa geji ndogo ya kielektroniki, akaibonyeza kwenye valvu. Ikalia mlio mfupi. Akanigeuzia kioo chake bila kusema neno.

3.1.

Siku hiyo hiyo nilirudi na ile pampu kubwa. Tuliliweka tairi tupu, tukalijaza polepole, tukitazama sindano. Ilikuwa imelala, imeegemea kile kijiti kidogo kinachoizuia pale penye sifuri. Tukasukuma. Tairi likaanza kujaa, likaanza kuwa na umbo, ukilibonyeza unasikia kwamba kuna kitu ndani. Sindano imelala. Tukasukuma tena. Ndipo ikaamka, ikitikisika kama mtu aliyeshtuliwa, ikaanza kuhesabu kutoka sifuri wakati tairi tayari lina karibu robo tatu za bari.

Tulipima mara tatu. Pampu ikisema 1.8, ukweli ni 2.5. Ikisema 2.3, ukweli ni 3.1.

Pampu kubwa za kusimama mara nyingi zina geji inayofika bari 11, kwa sababu zilitengenezewa matairi membamba ya lami. Geji ya namna hiyo hata ikiwa nzima, usahihi wake unahesabiwa kwa kipimo chote. Asilimia 5 tu ya bari 11 ni zaidi ya nusu bari. Kwa mtu anayejaza bari 7 hilo ni jambo dogo. Kwa anayejaza bari 2 ni robo ya upepo wake wote. Na hii ya kwetu, kwa dalili zote, iliwahi kuanguka: ukingo wa kioo chake ulikuwa na nyufa mbili ambazo nilikuwa nimezitazama kila asubuhi kwa wiki tatu bila kuziona.

Tulikaa chini tukapiga hesabu kwenye kipande cha boksi. Mimi, baiskeli, maji na vifaa, kilo 82. Gurudumu la mbele linabeba kama kilo 37 za hizo. Ukigawa uzito kwa mgandamizo unapata, kwa makadirio, eneo la tairi linalogusa ardhi. Kwa bari 3.1 ni kama sentimita za mraba 12. Kwa bari 2.0 ni 18.

Nusu nzima ya ziada. Niliweka vidole viwili juu ya boksi kupata picha ya sentimita 12 za mraba. Hicho ndicho kilichokuwa kati yangu na mtaro.

## Mvua iliyoniharibia jibu

Kesho yake nilishusha upepo: 2.0 mbele, 2.15 nyuma, kwa geji ya fundi. Nikaenda kwenye kona.

Nilipita kwa 24. Kisha 27. Kisha 29. Mara ya nne niliingia kwa 31, breki nimeziachia, meno nimeyauma, na baiskeli ikageuka kana kwamba hapakuwahi kuwa na tatizo lolote pale.

Ningeweza kumpigia simu palepale. Nilikuwa nimeshaitoa.

Lakini usiku uliotangulia mvua ilinyesha. Kila anayeendesha kwenye changarawe anajua: unyevu kidogo huzishikanisha chembechembe, na njia iliyokuwa ya kuteleza jana huwa kama zulia leo. Huenda nilichokuwa nimekijaribu ni mvua. Niliirudisha simu mfukoni.

Nilisubiri siku tisa barabara ikauke.

Hizo siku tisa ndizo nilizofikiri zaidi kuliko wiki zote. Nilijiuliza nataka jibu lipi. Nikagundua kwamba tangu siku ya fundi nilikuwa nimeshachagua: nilitaka iwe geji. Ni jibu zuri, halimlaumu mtu, baiskeli inabaki nzuri, rafiki yangu anabaki hodari. Na jibu ninalolitaka kiasi hicho nilipaswa kulitilia shaka kuliko yote.

Siku ya kumi kona ilikuwa kavu kama ile ya mwanzo, kokoto zimetawanyika upya. Nikapita kwa 24, 27, 29. Kwa 31 gurudumu la mbele liliteleza.

Liliteleza, lakini safari hii liliaga. Nilisikia usukani ukianza kulegea taratibu, tairi likinong'ona dhidi ya kokoto, nikapata muda wa kunyoosha kiwiko kidogo na kuhamisha uzito, na likarudi mahali pake. Nilirudia mara tano. Mara zote tano liliniambia kabla. Kisha nikafanya nililokuwa naliogopa: nikajaza tena bari 3.1, nikaingia kwa 28, na ule wepesi wa ghafla ukarudi, bila salamu. Sikuhitaji kufika 31.

Hapo nilikaa chini pembeni ya mtaro. Sikuwa na furaha ya ushindi. Nilikuwa namwona yeye, kwenye kona yake, akisubiri onyo ambalo tairi halikuwa na uwezo wa kulitoa.

## Sasa baiskeli yenyewe

Wiki yangu ya mwisho ndiyo pekee ninayoweza kusema kwamba nilikuwa naijaribu baiskeli. Zile nyingine nilikuwa naijaribu pampu.

Kwenye zile kilomita 11 za changarawe, kwa wati 200 zilezile, ilinipita baiskeli yangu ya alumini kwa sekunde 40. Mwili ukasema nimekwenda taratibu. Palikuwa na utulivu mwingi sana, na nililazimika kujifunza kuamini utulivu ule.

Nikatia matairi ya aina ileile, upana uleule na upepo uleule, kwenye baiskeli yangu. Tofauti kwenye changarawe ikapungua mpaka sekunde 15. Kwenye kilomita 9 za lami ilibaki sekunde 35, na hiyo naielewa: nguvu ya kushinda hewa hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kwa kilomita 20 kwa saa hewa inanidai kama wati 36. Kwa 35 inanidai zaidi ya 190. Fremu iliyochongwa kukata upepo inalipa pale tu unapokwenda kasi ambayo upepo una la kusema. Kwa mtu wa mbio zinazochukua saa kumi, anayekaa juu ya kilomita 30 kwa saa, ni neema. Kwangu mimi kwenye udongo wenye miinuko, sehemu kubwa ya siku upepo hauna habari na mimi.

Uzito nao. Kilo mbili na nusu pungufu ni asilimia 3 ya mzigo wote. Mlimani unahisi, kwenye tambarare unasahau.

Kitu ambacho baiskeli yangu haiwezi hata kwa matairi mapya ni hiki: saa ya nne. Saa ya nne ya safari ya mwisho, nikiwa nimechoka, macho yamejaa vumbi, kwenye barabara iliyojikunja kama bati, baiskeli ile ilishika mstari wake yenyewe. Sikuwa napigana nayo. Sehemu ya pedali iliyokaa chini, umbali mrefu kati ya magurudumu mawili, uma unaonyumbulika kwenda nyuma kidogo bila kupinda ubavuni, vyote vilikuwa vinanifanyia kazi ambayo mikono yangu ilikuwa imeshindwa. Hili hutalipata kwenye safari ya dakika arobaini, wala haliingii kwenye jedwali. Kama kuna mtu ananiuliza kinacholipiwa ni nini, ni hicho.

Ningebadilisha matairi. Milimita 40 ni membamba kwa ninayoyapita mimi, fremu inameza 50, na sioni sababu ya kuacha nafasi ile iwe ya hewa tupu. Kule Emporia, Kansas, nchini Marekani, kwenye Unbound Gravel, mbio za baiskeli za changarawe zilizoanza mwaka 2006 na ambazo mkondo wake mkuu ni maili 200, yaani kama kilomita 322, kuna wakimbiaji wa juu wanaofunga matairi ya baiskeli za mlimani ya inchi 2.1 na 2.2 kwenye baiskeli za mtindo huu. Miaka michache nyuma wangeonekana wamepotea njia. Wamepima, wakaamini kipimo kuliko mtetemo.

## Kumwambia

Nilimwendea nyumbani. Sikutaka kuliongea kwa simu.

Nilimweleza yote kwa mpangilio: dakika 1 na sekunde 4, sarafu, kidole gumba, sindano inayolala, mvua, siku tisa, kona. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mkono ulikuwa umeshafunguliwa, lakini alikuwa bado anaulea kwa mkono mwingine.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Hapana, dada. Ni geji."

"Pampu ni yangu. Niliiangusha mimi, ghalani, najua hata siku. Nikaiokota nikaendelea."

Sikuwa na jibu la haraka. Na kulikuwa na jambo jingine nililopaswa kulisema, kwa sababu niliahidi ukweli wote: siku aliyoanguka, baiskeli ilikuwa imesimama juani muda mrefu kabla ya kuanza. Tairi lenye bari 3.1 kwa nyuzi 20 likipashwa hadi 40 linapanda zaidi kidogo ya robo bari. Huenda aliingia kwenye kona yake na karibu bari 3.4, na yeye ni mwepesi kuliko mimi, tairi lake lilikuwa linagusa ardhi kwa eneo dogo hata kuliko langu. Huenda. Sikuwapo, hakuna aliyepima, na kona ile si kona yangu.

"Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichokuangusha," nikamwambia. "Naweza kuapa kwamba kwa upepo ule mimi pia ningeanguka. Na nilikaribia."

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Lilikuaga?"

"Kwa 3.1? Hapana. Liliondoka tu."

Akatikisa kichwa taratibu, machozi yakimlengalenga. "Basi sikuwa naota."

Nadhani hicho ndicho alichokuwa anakitafuta wiki zote sita: mtu mwingine ambaye gurudumu lilimwacha vilevile, akarudi kumwambia.

## Pale lami inapoishia

Jumamosi iliyofuata alikuja kuichukua. Nilikuwa nimeiosha, nimepaka mnyororo mafuta, nimefunga utepe mpya wa usukani mahali ulipochanika siku ya ajali yake. Kwenye kiganja nilimwekea geji ndogo kama ile ya fundi. Pampu yake aliitazama, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye zile nyufa mbili za kioo, akairudisha chini.

Tulitoka pamoja, yeye mbele. Alikuwa mzito mwanzoni, mabega juu, mikono imekaza. Kwenye lami alilegea kidogo. Nilimwambia tukifika kwenye kona hana lazima ya kufanya chochote, tunaweza kupita tukiwa tumeshuka.

Lami ilipoishia alisimama. Akaiegemeza baiskeli pajani, akachomoa geji mfukoni, akainama juu ya valvu ya mbele. Mlio mfupi. Akasoma, akaachia upepo kidogo, akapima tena. Kisha akalibana tairi kwa kidole gumba, muda mrefu, kama anayeusikiliza mshipa wa mkono.

"Mbili kasoro," akasema, akapanda.